Chupa ya Chai ya Deo

Jumapili jioni. Pasua, Moshi.

Kibaridi cha mwezi wa saba kimekaza. Manyunyu tangu asubuhi, na mlima umejifunika gubigubi, mgeni anaweza kukaa hapa wiki nzima akabisha kwamba upo. Afadhali. Leo sitaki kutazamwa na mtu wala na mlima.

Nina hasira. Naliandika neno hilo mapema, kabla sijaanza kujifanya muungwana na kusema nimeumia kidogo, nimesikitika kidogo. Nina hasira mpaka chai haipiti kooni. Na ukinijua utacheka, maana chai ndiyo iliyoleta yote haya.

Kwa anayepita hapa mara ya kwanza: naitwa Manka, nina kosta moja, basi dogo la kukodisha. Ukiwa na harusi Kibosho, msiba Kilema, au kwaya inayokwenda kuimba Kwa Sadala, unanipigia simu, gari linakuja, linawapeleka watu wako na kuwarudisha. Ilikuwa biashara ya baba yetu. Enzi zake kosta zilikuwa mbili. Ya pili imelala uani kwa Mama huko Kibosho, kuku wanatagia kwenye siti ya dereva.

Baba alipougua, madereva wakawa wafalme. Huku kwetu mgeni anapewa mbege, pombe yetu ya ndizi na ulezi, kwa heshima, na kukataa kata ya mzee ni sawa na kumgeuzia mgongo mbele ya watu. Sasa dereva naye ni mgeni. Anakunywa kata ya baba wa bibi harusi, kata ya wajomba, kata ya jirani aliyeleta ndizi, halafu anaambiwa haya, turudishe watu nyumbani. Jioni moja kosta yetu ikaiacha barabara ikitoka Kilema, ikaingia kwenye kahawa ya watu. Hakufa mtu. Bibi mmoja alivunjika mkono, na mkono wake ukatutangaza kuliko tangazo lolote la redio. Simu ikanyamaza. Watu wa jumuiya yetu wenyewe wakawa wanakodi magari ya mbali, wanapita mbele ya geti letu wakiimba.

Baba alizikwa akiwa anaona aibu. Hilo silisahau.

Baada ya arobaini nilifunga duka langu la vitenge, nikachukua ufunguo. Nikaenda kusomea leseni ya kubeba abiria, wanaume wa darasani wakaniuliza kama nimepotea njia. Nikaweka masharti. Mikanda isipofungwa, gari haliondoki. Hakuna abiria wa kusimama, hata uwe shemeji wa padri. Simu ya dereva inazimwa. Hakuna kupita gari la mbele kwenye kona, hata kama lililoko mbele ni trekta la nyasi. Na mteremko wa mlimani unashukwa kwa gia ndogo ile ile uliyopandia, injini ilishike gari, breki zisichoke. Hayo yote watu waliyakubali, wengine kwa kununa.

Sharti lililotaka kunizika lilikuwa la mbege. Dereva haonji. Basi.

Mzee Kanuti, mwenyekiti wa jumuiya moja ya Kilema, alinipigia simu mwenyewe siku ya kwanza. "Manka, dereva wako amekataa kata yangu. Amenikataa mimi, na marehemu baba yako alikunywa humu ndani." Nilimwamkia, nikamwomba radhi, nikakata simu. Nilikuwa nimetengeneza gari salama ambalo hakuna mzee angeliita tena.

Ndipo nikafikiria kidumu. Niliona sheria yangu na heshima ya mzee zinaweza kukaa kwenye gari moja. Mwenye shughuli anamimina fungu la dereva mbele ya watu wote, kwenye kidumu cha njano tunachokuja nacho. Dereva analipokea kwa mikono miwili, anashukuru, anakiinua kidumu juu watu wakione, kisha anakiweka chini ya siti. Atakunywa nyumbani kwake, gari likiwa limelala. Mwenyeji hajakataliwa, na dereva hajalewa. Mzee Kanuti nilipompelekea wazo hilo alicheka mpaka kofia ikaanguka.

Dereva wangu alikuwa Deo, mdogo wangu, kitinda mimba wetu.

Ninyi hamumjui Deo. Ana meno meupe na maneno matamu, na akitembea unadhani kuna ngoma inayopigwa ambayo wewe huisikii. Kidumu cha watu alikigeuza shughuli. Akikipokea anakicheza, anazunguka nacho, anawapigia magoti akina mama, watu wanamrekodi kwa simu. Ikafika mahali harusi haiishi bila mtu kupaza sauti, "Kidumu cha dereva kiko wapi?" Halafu wenzake wakikaa na kata zao, yeye anakaa pembeni na chupa yake nyekundu ya chai, anajimiminia kikombe kidogo kidogo kama mtawa. Padri mmoja alimtaja hadi kwenye mahubiri. Wamama walikuwa wananishika mkono sokoni wananiambia, dada, mdogo wako ni baraka.

Na simu ikaita. Mungu anajua jinsi ilivyoita. Nilibadilisha matairi yote, nikaweka breki mpya, nikaanza kutamka kwa sauti jambo nililokuwa nalificha hata kwenye sala: kuwatoa wale kuku na kuifufua kosta ya pili kabla ya Krismasi, watu wanapopanda kutoka Dar.

Jana ndiyo jana.

Kwa kawaida siendi kwenye safari. Mimi nakaa mjini na simu, gari linalala Kibosho kwa Mama, ambako Deo anaishi. Ila bibi harusi wa jana alikuwa binti wa rafiki yangu, kwa hiyo nilipanda kama mgeni, na kitenge changu na zawadi yangu. Sherehe ilikuwa Kibosho juu kabisa, karibu na msitu, ukungu unaingia mpaka kwenye hema. Kidumu kilitoka, Deo akacheza, nikapiga makofi kama wenzangu. Nilijisikia vizuri mno. Nakumbuka nilimwambia mtu wa pembeni yangu, yule ni mdogo wangu.

Wakati wa kurudi nilikaa nyuma ya dereva, na Bibi Filomena, shangazi wa bibi harusi. Baridi ilikuwa inauma. Nikamwambia Deo anipe chai kidogo.

"Imeisha, dada."

Sawa. Tukaendelea. Tulipoangukia kwenye shimo la kwanza, ile chupa ikabiringika kutoka chini ya siti yake, ikanigonga mguu. Iliniumiza. Chupa tupu haigongi vile. Nikaiokota, na Deo akageuka kunitazama akiwa anaendesha, macho yameacha barabara. Uso ule nilikuwa sijawahi kuuona. Nikaanza kufungua kifuniko, na Bibi Filomena akanigusa goti, anacheka kicheko cha chini.

"Iache hiyo, Manka. Hiyo chai ina ulezi."

Nimezaliwa kwenye kihamba, shamba la migomba la ukoo. Najua harufu ya ndizi na ulezi uliochachuka, huhitaji kunionjesha.

Nikiwa bado nimeishika, mngurumo wa injini ukatulia, na hapo mwili wangu ukajua kabla ya kichwa. Tulikuwa tumeanza ule mteremko mrefu na Deo alikuwa ametoa gia. Ameliacha gari liteleze lenyewe frii, na yeye anakanyaga breki, anaachia, anakanyaga. Hakuna anayefanya hivyo mara ya kwanza dada yake amekaa nyuma yake. Alifanya kwa mazoea. Na gari lilikuwa jepesi mno, linakimbilia kona, na ile harufu ya breki zinazoungua ikaingia ndani. Wale mabibi wote, na vitenge vyao vya sare. Bibi Filomena aliacha kucheka, akatoa rozari.

Nilimwambia arudishe gia. Gia ikakataa, ikasaga meno. Nikamwambia tena, safari hii kwa jina lake lote la ubatizo, na ikaingia. Palipo na kiwanja cha kanisa akaegesha. Moshi ulikuwa unatoka kwenye magurudumu ya mbele.

Nilimwambia ashuke kwenye usukani. Akashuka, hakubisha. Tukakaa pale mpaka breki zikapoa, nikakaa mimi kwenye siti, nikafunga mkanda, nikawashusha watu kwa gia ya pili mpaka lami.

Haya yote ningeweza kuyasamehe jana ile ile, naapa. Kijana kakosea, kijana kaonekana, tunalia, tunaanza upya. Kilichonichoma ni kwamba mle ndani ya gari hakuna aliyeshangaa.

Hakuna hata mmoja.

Nilikuwa natazama kwenye kioo. Mtu akishangaa, anaguna, anamuuliza jirani. Wao walikuwa wametulia, wengine wanatazama nje, kama watu waliosubiri siku hii ifike wakachoka kuisubiri. Tulipofika, nilimsaidia Bibi Filomena kushuka, nikamuuliza palepale kwenye ngazi kwa nini hawakuniambia. Alinitazama kwa huruma, na huruma yenyewe ilinikera.

"Ni mdogo wako, mwanangu. Tungeanzia wapi? Halafu mama yako alituomba."

Alituomba. Mama. Nilimuuliza mara mbili kama anamaanisha mama yangu mimi.

Gari nililiacha uani kwake Kibosho, nikashuka mjini na ufunguo bila kubisha hodi, na usiku mama huyo hakupokea simu yangu.

Leo nimerudi kutoka misa nikamkuta getini, na mwavuli, na Deo nyuma yake kavaa shati la harusi ya jana. Mama alikuwa na kitu amekifunika kwenye kanga. Nilijua ni nini kabla hajakifunua.

Kwa wasomaji wa mbali: isale ni mmea wa majani marefu tunaoupanda mipakani mwa vihamba. Mtu akikukosea, akija kwako na jani la isale lililofungwa fundo, amekuja kuomba msamaha, na wewe hukatai. Mambo ya kusema ngoja nifikirie hayapo. Watu wameachiana mashamba kwa jani hilo, wengine wamesameheana damu. Sijawahi kusikia katika ukoo wetu mtu aliyekataa isale, na sikutaka kuwa wa kwanza, nimekasirika hivi hivi.

Deo akapiga magoti kwenye matope ya uani kwangu. Hakucheza. Alisema, "Dada, nimekosa," akashindwa kumaliza. Alikuwa analia kweli. Nimemlea, namjua akidanganya na namjua akilia. Nilipokea isale kwa mikono yote miwili, kama anavyopokea kidumu, na nikamwambia nimekusamehe. Na nilipokuwa nalisema lilikuwa kweli.

Mama akashusha pumzi. Akafunga mwavuli. Akasema, kama mtu anayemalizia orodha ya sokoni, "Sasa mpe ufunguo akalioshe gari. Jumamosi watoto wa Kilema wanasubiri."

Jumamosi ni kipaimara. Watoto wa jumuiya ya Mzee Kanuti, tunawachukua Kilema kuwaleta mjini na kuwarudisha juu. Ndiyo safari kubwa kuliko zote mwaka huu, na waliileta kwetu kwa sababu ya Deo na kidumu chake.

Nikamwambia, "Isale nimelipokea, Mama. Ufunguo unabaki kwangu."

"Basi hujapokea."

"Nimepokea. Nimemsamehe mdogo wangu. Sijampa watoto wa watu."

Mama alinitazama kana kwamba nimeongea lugha ya Kimasai. Kwake isale likishapokelewa, mambo yanarudi yalipokuwa juzi. Akaanza kunieleza kwamba Deo amekoma, kwamba wanaume wote huonja, kwamba Baba naye alikuwa anaonja na hakuwahi kuangusha gari. Nikamuuliza kuhusu ile chupa. Chupa ilikuwa inalala nyumbani kwake kila baada ya safari. Hakuwahi kunusa?

Hapo ndipo aliposema neno ambalo limenikaa kifuani mpaka sasa hivi ninapoandika.

"Nani unadhani alikuwa anaiosha? Ningeiacha inuke?"

Hakusema kwa ukali. Alisema kama mtu anayedai haki yake ya kushukuriwa. Kila Jumapili mama yangu aliisugua ile chupa nyekundu kwa majivu na maji ya moto, akaianika kwenye uzio, ili mimi nikipanda kuchukua hesabu za mafuta nisinuse kitu. Nimekunywa chai ya chupa ile, pale barazani kwake. Amenimiminia yeye mwenyewe. Aliniuliza kama sukari imetosha.

Na alipita kwa akina mama mmoja mmoja akawaomba wasiniambie. "Ningekuambia ungemfukuza," alisema. "Ungemfukuza angekwenda wapi?" Nilitaka kumuuliza, na lile gari lingekwenda wapi, Mama? Nilitaka kumkumbusha mkono wa yule bibi wa Kilema na Baba alivyokuwa akijifunika shuka usoni wageni wakija. Lakini Deo bado alikuwa amepiga magoti kwenye matope, na mvua ilikuwa inaongezeka.

Waliondoka bila ufunguo. Mama hakuniaga.

Wamenizunguka. Watu wote niliokuwa nawatengenezea gari salama walikuwa wanapanda gari lisilo salama huku wakinipigia makofi, kwa sababu ya adabu. Na aliyewafundisha adabu hiyo ni yule aliyenifundisha kusema ukweli. Mimi ndiye niliyekuwa natembea mjini na kichwa juu, nasimulia masharti yangu kwa kila mteja. Wangapi walikuwa wanageuka pembeni kucheka?

Saa hizi nimetoka kumpigia Mzee Kanuti. Mama asingependa, na rafiki yangu mmoja aliniambia nisubiri, nitafute dereva mwingine kimyakimya, nani atajua. Lakini kimya hiki nimelala nacho usiku mmoja tu na kimenitosha. Nilimwambia shikamoo, akaitikia kwa furaha, akauliza kidumu kiko tayari? Nikamwambia yote: chupa, frii, na breki. Nilimwambia Jumamosi nitaendesha mimi, na kama hawataki nitawaelewa, nitawasaidia kupata gari lingine.

Nikasikia kuku nyuma yake.

"Tulimpigia makofi, Manka," akasema. "Mimi nilisimama."

Sauti yake ilikuwa kama yangu ya jana. Kumbe yeye hakuwa anajua. Kilema hakuna aliyeombwa na Mama, ni mbali. Aliniambia atazungumza na wazazi wa watoto, kisha atanipigia. Bado hajapiga. Simu iko hapa mezani, nimeilaza uso juu, na kila inapowaka ni watu wananitumia picha za harusi.

Huenda biashara ikaisha wiki hii. Najua. Kidumu bila Deo ni kidumu tu, na mimi siwezi kucheza. Nitakachoweza ni kushuka kwa gia ya pili, na sijui kama kuna mtu anakodi gari kwa ajili hiyo. Kesho asubuhi nitapanda Kibosho kulichukua gari, fundi azikague breki zote upya, kisha litalala hapa kwangu, hata kama itabidi nibomoe kipande cha ukuta. Deo nitamwambia aje kukaa mlangoni afunge watu mikanda, akitaka. Asipotaka, isale lake linabaki limepokelewa. Sitamrudishia.

Nimeliweka kwenye ndoo ya maji hapo jikoni. Linasemekana likikaa kwenye maji linatoa mizizi, nami nitalipanda karibu na geti, atakapopita aone sikulitupa.

Nimekuwa nalitazama wakati naandika. Fundo limekazwa vizuri, Mama ndiye aliyelifunga, nayajua mafundo yake tangu anisuke nywele. Alilikata kwenye uzio wake, akalifunga, akalibeba kwenye mvua kutoka Kibosho mpaka Pasua. Lilikuwa jani moja, na lilikuwa la Deo.

La kwake hakuleta. Hata hajui kwamba linatakiwa.

Basi niambie wewe unayesoma, maana mimi nimejaribu tangu mchana nikashindwa: mtu ambaye hajaja kuomba, unamsamehe kwa jani la nani?